Tafiti za misitu zisomwe mpakani, zisiishie maktabani

Mfanyabiashara wa mbao anayepitisha mzigo Namanga, Holili au Mutukula anajua mambo mengi ya miti ambayo hayamo katika kitabu chochote. Anajua mninga uliokauka sawasawa kwa kuugonga tu kwa kifundo cha kidole. Anajua mkangazi wa kweli na ule ubao mwingine unaopakwa rangi ukauzwa kwa jina la mkangazi. Anajua pia kwamba zamani lori lilipakia jirani na barabara kuu na kurudi siku hiyo hiyo, lakini leo linalala njiani kabla ya kuufikia mzigo.

Hilo la mwisho, la mzigo kuzidi kuwa mbali, lilikwisha kupimwa na kupewa namba. Utafiti ulioongozwa na Antje Ahrends na wenzake ulichukua misitu iliyoko kati ya kilomita 10 na kilomita 220 kutoka Dar es Salaam, ukalinganisha hali yake ya mwaka 1991 na ya mwaka 2005. Ulibaini kwamba uvunaji wa mbao za thamani ulikuwa unasogea mbali na jiji kwa kilomita 9 kila mwaka. Uchomaji mkaa ulikuwa unafuata nyuma kwa kilomita 2 kila mwaka.

Kilomita 9 kwa mwaka, kwa miaka 14 iliyotenganisha vipimo viwili, ni kilomita 126. Mwenye lori hahitaji shahada kuigeuza namba hiyo kuwa lita za dizeli, posho ya dereva na tairi.

Utafiti huo ulieleza na mpangilio wa wimbi lenyewe. Kwanza hupita wanaotafuta miti ya bei kubwa, wanachukua ile wanayoitaka na kuiacha mingine imesimama. Nyuma yao huja wa miti ya bei ya kati. Wa mkaa huja mwisho, na hao hawachagui sana. Kadiri watafiti walivyosogea mbali na jiji ndivyo walivyokuta aina nyingi zaidi za miti katika kila kipande cha msitu walichohesabu. Karibu na jiji msitu ulikuwa bado upo katika sehemu nyingi, ila ulikuwa umebaki na miti ambayo hakuna aliyeihitaji.

Hayo yalichapishwa mwaka 2010, kwa Kiingereza, katika jarida la kisayansi la Marekani. Wafanyabiashara ambao habari hiyo iliwahusu kuliko mtu mwingine yeyote hawakuisoma. Waliilipia tu, kidogo kidogo, kwenye vituo vya mafuta.

Hapo ndipo penye kasoro inayostahili kusemwa wazi. Kila mwaka vyuo vikuu vya ukanda huu, kuanzia Sokoine kule Morogoro na Makerere kule Kampala hadi Kisangani kule Kongo, vina wanafunzi wa shahada ya uzamivu walio msituni wakihesabu miti. Wengine wametumwa na vyuo vya Ulaya. Wanatumia miaka mitatu, minne au zaidi katika kazi hiyo. Kisha tasnifu inajalidiwa, inawekwa rafuni, na mtafiti anaitwa daktari. Soko la mbao la Afrika Mashariki, ambalo ndilo linaloamua mti upi ukatwe kesho asubuhi, linabaki lilivyokuwa.

Kazi yenyewe si ya mezani, wala si ya kubezwa. Mtafiti hupima kipande cha msitu kwa kamba na kukiwekea alama. Ndani yake hupima unene wa kila mti kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, huandika jina lake, huhesabu miche inayochipua na visiki vilivyobaki, kisha husogea kipande kingine na kuanza upya. Akimaliza vipande mia moja anaweza kusema maneno ambayo hakuna mwingine awezaye kuyasema kwa uhakika: kwamba aina fulani ina miti mikubwa mingi lakini haina miche, kwa hiyo inazeeka bila warithi, kwamba nyingine visiki vyake vimezidi miti iliyosimama, kwamba ya tatu, ambayo wanunuzi hawajui hata jina lake, imejaa tele na inaweza kuvunwa kwa miaka mingi bila madhara.

Na karibu kila mtafiti hutembea na mzee mmoja wa kijijini. Huyo ndiye anayekwangua gome kwa panga, ananusa, anatazama utomvu, anataja jina la mti kwa lugha ya kwao. Jina la kisayansi huja baadaye, likitafutwa kutokana na lile alilolitaja mzee. Analipwa ujira wa siku, na jina lake, akibahatika, linaingia ukurasa wa shukrani wa kitabu asichoweza kukisoma. Watafiti wengi ni watu waungwana na wengine hurudi kijijini kutoa taarifa. Lakini hakuna utaratibu wowote unaowalazimu kufanya hivyo, wala unaowalazimu kufika mpakani.

Mfanyabiashara anaweza kuuliza: yote hayo yananihusu nini, mimi mwenye leseni na risiti zangu? Jibu limo katika uamuzi uliofanywa Panama mwezi Novemba 2022. Nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo katika hatari ya kutoweka, zilikubali kuingiza katika Kiambatisho cha Pili miti ya Afrika ya makundi matatu ambayo wataalamu huyaita Pterocarpus, Afzelia na Khaya. Majina hayo hayatamkwi sokoni. Kwa lugha ya sokoni ni mninga, mkongo na mkangazi. Mkurungu, ambao ni ndugu wa mninga, ulikuwa umetangulia kuingizwa mwaka 2019, na mpingo tangu uamuzi wa mwaka 2016.

Kiambatisho cha Pili hakipigi marufuku biashara. Kinataka magogo, mbao zilizopasuliwa na plaiwudi za miti hiyo zivuke mpaka wa nchi zikiwa na kibali maalumu cha CITES, mbali na leseni ya kuvuna, mbali na TP ya kusafirishia, mbali na alama ya nyundo iliyogongwa kwenye mzigo. Hata cheti kilichorahisishwa cha uasili wa bidhaa, kile ambacho mfanyabiashara mdogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hupewa kwa mzigo usiozidi dola 2,000, hakiondoi sharti hilo. Cheti kile kinahusu ushuru. Kibali hiki kinahusu mti.

Na hapa ndipo mwanafunzi wa uzamivu anapoingia katika biashara bila mwenyewe kujua. Mkataba unasema nchi haiwezi kutoa kibali hicho mpaka mamlaka yake ya kisayansi ithibitishe kwamba uvunaji hauhatarishi kuendelea kuwapo kwa aina hiyo ya mti. Mamlaka itathibitishaje? Kwa hesabu. Ipo miti mingapi iliyosimama, inakua kwa kasi gani, michanga iko wapi, imekatwa mingapi. Hesabu hizo, pale zinapopatikana, nyingi zimo katika tasnifu na tathmini za misitu. Pale zisipopatikana, ofisa mwangalifu anakataa kutoa kibali na ofisa asiye mwangalifu anatoa tu. Wa kwanza anamkwamisha mfanyabiashara mwaminifu; wa pili anamfungulia njia mjanja. Kwa vyovyote vile anayeumia ni yule aliyetaka kufuata sheria.

Tatizo la majina nalo si dogo, na ajabu ni kwamba limezoeleka hadi watu hawalioni. Mvule wa Tanzania na Uganda ndio kambala wa Kongo, na ndio iroko wa wanunuzi wa Ulaya. Mninga ukivuka Tunduma kuingia Zambia unaitwa mukwa. Mkurungu ng'ambo hiyo hiyo ni mukula. Mkongo ndio mbambakofi wa pwani ya Kenya. Kwa wafanyabiashara wengi wa Nairobi neno mahogani hubeba karibu kila ubao wenye wekundu, uwe umetoka Bundibugyo, Ituri au Kilombero. Mzigo mmoja unaweza kuondoka kijijini na jina moja, ukaandikiwa la pili wilayani, ukavuka mpaka kwa la tatu na kuuzwa kwa la nne. Wakati mwingine fomu husema tu "mbao ngumu", na yamekwisha.

Waliozaliwa katika biashara wanajua usemi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la misitu ya ukanda huu lina kurasa nyingi zisizolingana. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya viumbe wa porini, lilitoa ripoti kuhusu uvunaji wa mbao kusini mwa Tanzania katika miaka ya mwanzo ya 2000. Ilionyesha kwamba mbao ambazo China iliandika kuzipokea kutoka Tanzania zilikuwa mara kumi ya zile ambazo Tanzania iliandika kuziuza huko. Pia ilionyesha kwamba katika baadhi ya maeneo hadi asilimia 96 ya mapato yaliyostahili kukusanywa kutokana na mbao hayakukusanywa. Mti ulikatwa, ukasafiri, ukauzwa, ukageuzwa sakafu ya nyumba ya mtu, lakini katika vitabu vya nchi ulikotoka ulikuwa bado umesimama.

Ipo mifano inayoonyesha gharama ya kufanya biashara ya mti bila kuufahamu, na hakuna mfano unaoumiza kama wa msandali. Mti huu mdogo wa nyanda kavu, ambao mafuta yake hutumika katika manukato, ulianza kusakwa kwa kasi Kenya, Tanzania na baadaye Uganda na Sudan Kusini. Kenya ilizuia uvunaji wake mwaka 2007. Mwaka 2013 msandali wa nchi za Afrika Mashariki ukaingizwa CITES. Kwa nini mti mmoja uyumbe upesi hivyo? Waliouchunguza wana majibu. Msandali una dume na jike, kila mmoja mti wake, kwa hiyo ukiondoa mmoja wa jirani mwingine haupati mbegu. Mizizi yake hujishikiza kwenye mizizi ya miti mingine na kunyonya humo, maana yake hauwezi kustawi peke yake bila miti ya kuutegemeza. Na mafuta mengi yamo mizizini na shinani, hivyo mvunaji haukati akaacha kisiki kichipue, anaung'oa. Mambo hayo matatu yangetosha kumwambia mnunuzi yeyote kwamba biashara ile isingedumu miaka kumi. Waliotia mitaji yao humo bila kuyajua ndio ambao mizigo yao ilikamatwa barabarani.

Mvule nao una dume na jike. Na una adui mmoja, mdudu mdogo anayeitwa Phytolyma, anayeshambulia vichipukizi vya miche hadi vinavimba kama vijipu na kuoza. Mvule ukipandwa shamba zima peke yake, mdudu huyo hufanya karamu. Ukipandwa ukichanganyika na miti mingine, hali huwa afadhali. Ndiyo sababu hakuna mashamba ya mvule ya kulinganishwa na ya misonobari ya Sao Hill, na ndiyo sababu anayesema "tukimaliza ya asili tutapanda" anajidanganya. Mninga una ukaidi wa namna nyingine: mche wake hukauka juu kila kiangazi na kuchipua tena mvua zikinyesha, mwaka baada ya mwaka, ukijenga mzizi kwanza, kabla ya kuamua kusimama kuwa mti. Mkulima anayetaka kuuvuna apandaye mwenyewe inambidi awe na subira ya wajukuu.

Hii ndiyo maana halisi ya msemo wa kitaalamu "wingi wa aina za miti". Si pambo la kuwafurahisha wageni wa hifadhi. Ni kwamba mti mmoja unaouzwa unasimama kwa msaada wa miti mingine kumi isiyouzwa, na ndege, popo na wadudu wanaoishi humo.

Upande wa pili wa hesabu hizo kuna habari njema kwa mfanyabiashara, nayo pia haijamfikia. Mwezi Januari 2024 kundi kubwa la watafiti wakiongozwa na Declan Cooper walichapisha matokeo yaliyotokana na miti zaidi ya milioni moja iliyopimwa katika misitu ya tropiki ya Afrika, Amazoni na Kusini Mashariki mwa Asia. Waligundua kwamba aina 1,053 tu, yaani takriban asilimia 2.2 ya aina zote, ndizo zinazofanya nusu ya miti yote ya misitu hiyo, na kwamba sura hiyo inafanana katika mabara yote matatu. Nusu iliyobaki imegawanywa kati ya maelfu kwa maelfu ya aina zilizo adimu. Kwa maneno ya sokoni: kuna miti michache ambayo ni mingi sana, na kuna miti mingi ambayo ni michache sana. Soko la mbao la Afrika Mashariki limejifunga katika majina yasiyozidi vidole vya mikono miwili, na baadhi yake yako upande ule wa uchache. Wakati huo huo, watafiti wa Morogoro wamekwisha kupima uzito, uimara na utumiaji wa mbao za miti isiyojulikana sana sokoni. Mtondoro umejaa katika miombo. Ni mafundi wangapi wa Arusha, Nakuru au Goma wamewahi kuonyeshwa ubao wake na kuambiwa unafaa kwa kazi gani?

Mbele ya yote hayo serikali zimekuwa zikishika dawa moja, marufuku. Februari 2018 Kenya ilisimamisha uvunaji katika misitu ya umma na ya jamii. Zuio lililotangazwa kuwa la siku 90 likaongezwa tena na tena, hadi Rais William Ruto alipotangaza kuliondoa Julai 2023. Mahitaji ya mbao hayakusimamishwa siku hiyo ya Februari. Uganda nayo mwaka 2023 ilipiga marufuku uchomaji mkaa wa biashara katika maeneo ya kaskazini. Marufuku huwa na sababu zake, na mara nyingine huwa haina budi. Lakini nchi moja ikifunga msitu wake bila kusema na majirani inauhamishia mzigo msitu wa jirani, na anayeubeba mzigo huo ni mfanyabiashara wa mpakani, ambaye siku moja anaitwa mwekezaji na siku ya pili mhalifu, kwa mbao zile zile.

Tena marufuku nyingi zinamlenga asiye mkosaji mkuu. Utafiti wa Nike Doggart na wenzake, uliochapishwa mwaka 2020, ulikagua vipande 119 vya ardhi ya Tanzania vilivyopoteza msitu kati ya 2010 na 2017. Walitembelea kila kipande na kuuliza wenyeji. Dalili za kilimo cha mazao zilionekana katika asilimia 89 ya vipande, na wenyeji walikitaja kilimo kuwa chanzo kikuu katika asilimia 81. Mkaa ulitajwa kuwa chanzo kikuu katika asilimia 12. Uvunaji wa mbao, asilimia 1.

Wauza mbao wasishangilie mapema. Kuufuta msitu na kuuchosha ni mambo mawili tofauti. Anayelima anaufuta, anayechagua mninga peke yake anauchosha na kuupunguzia thamani, na msitu usio na thamani kwa mwenye kijiji ndio unaogawiwa mashamba mwaka unaofuata. Ila namba hizo zinamleta mezani mtu ambaye hajawahi kuitwa katika mkutano wowote wa misitu: mfanyabiashara wa nafaka. Gunia la mahindi linalopita Namanga au Sirari halina alama ya nyundo wala TP ya msitu, na haiwezekani kujua kama limetoka shamba la siku zote au eneo lililokuwa miombo miaka mitatu iliyopita. Hakuna anayependekeza gunia hilo lizuiwe, maana watu wanakula. Lakini wizara za kilimo zinazohimiza mavuno zaidi na idara za misitu zinazolia na mashoka zinakaa majengo tofauti na hazisomi tasnifu zile zile.

Kwamba hesabu za miti zinaweza kugeuzwa utaratibu wa kazi si ndoto. Kilwa, vijiji vilivyotengewa misitu yao chini ya Sheria ya Misitu ya 2002 vilihesabu mpingo na miti mingine, vikajiwekea idadi ya kukata kwa mwaka, na mwaka 2009 vilianza kupata cheti cha FSC, kinachomhakikishia mnunuzi wa nje kwamba mti umevunwa kwa utaratibu. Fedha zinaingia kijijini badala ya kupotelea kwa dalali. Kilosa, mradi wa mkaa endelevu uligawa msitu wa kijiji katika vipande vya mita 50 kwa 50 kama ubao wa drafti; kipande kinavunwa, cha jirani yake kinaachwa, na kilichovunwa kinapumzishwa miaka 24. Haya yaliwezekana kwa sababu miti ya miombo huchipua kutoka kwenye visiki na mizizi, na kuna watu waliokaa huko wakipima vichipukizi mpaka wakajua vinahitaji muda gani.

Majirani walikwisha kuahidiana kushirikiana. Septemba 2015, katika kongamano la misitu la dunia lililofanyika Durban, Kenya, Madagaska, Msumbiji, Tanzania na Uganda zilitia saini azimio la kupambana na biashara haramu ya mazao ya misitu, nalo likaitwa Azimio la Zanzibar. (Wazee wa siasa wasilichanganye na lile la 1991, lililolegeza masharti ya Azimio la Arusha; majina ya maazimio nayo, kama ya miti, yanahitaji daftari.) Kongo haikuwamo katika saini hizo. Tangu mwaka 2022 ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mbao zake zinapita Mpondwe na Kasindi kuelekea Kampala na Nairobi. Azimio lisilo na Kongo ni uzio wenye lango lisilo na mlango.

Kinachodaiwa hapa hakihitaji mkopo wa benki ya dunia. Kila chuo kinachotoa kibali cha utafiti wa misitu kiweke sharti kwamba tasnifu isipokelewe bila muhtasari wa kurasa chache kwa Kiswahili, wenye majina ya miti kama yanavyotamkwa kijijini na sokoni. Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya, na Kamisheni yake ya Kiswahili iko Zanzibar. Ikikaa na watu wa misitu wa nchi wanachama inaweza kutoa orodha moja ya majina ya miti ya biashara, jina la kila nchi likiwa mbele ya jina la kisayansi, pamoja na alama ya ile inayohitaji kibali cha CITES. Orodha hiyo ibandikwe katika kila kituo cha pamoja cha mpakani, ukutani, panapobandikwa viwango vya kubadilishia fedha.

Wafanyabiashara nao wana deni. Vyama vyao vimekuwa hodari wa kudai vizuizi vya barabarani vipunguzwe, na vimefaulu mara nyingi. Havijawahi kumwalika mtafiti wa miti kwenye mkutano wao wa mwaka, akae mbele ya watu wanaonunua na kuuza ile miti aliyoihesabu, aulizwe maswali ya bei na ya umbali. Anayeandika "mbao ngumu" kwenye risiti ili kurahisisha mambo leo anajinyima ushahidi atakaouhitaji siku mzigo wake utakaposimamishwa Holili na ofisa mwenye orodha ya CITES mkononi.

Mahali pa kuanzia panajulikana. Mninga, mkongo na mkangazi tayari zimo katika kiambatisho. Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo zote ni wanachama wa mkataba. Wizara zinazohusika zingeweza kutangaza, kabla ya msimu ujao wa kiangazi barabara za vijijini zikauke na malori yaanze kuingia, ni ofisi ipi katika kila kituo cha mpakani inayotoa maelekezo ya kibali cha miti hiyo mitatu, kinachukua siku ngapi na kinagharimu kiasi gani.